Unakuja Kasongo? Chagua kiangazi, na uulize mahali pa kuacha pikipiki

Tangu mwezi uliopita simu zinaingia. Mmoja yuko Kindu. Baba yake alizikwa hapa Kasongo na yeye hajaliona kaburi. Mwingine ni mama aliyekimbia upande wa Salamabila na watoto watano. Sasa anaishi kwa shemeji yake hapa mjini, na anataka kurudi Kabambare siku tatu tu, aone kama nyumba ingali na bati. Wa tatu ni kijana mwanafunzi wa Bukavu anayeandika kazi yake ya mwisho juu ya Tippu Tip, anataka kufika Tongoni. Wote watatu wananiuliza maswali yale yale mawili: nifike lini, na pikipiki nitaiacha wapi?

Jibu fupi ni hili. Fika kati ya Juni na Agosti. Pikipiki iache katika lupango ya mtu anayekujua, au ya mtu uliyeonyeshwa na kapita wa mahali. Usiiache kando ya barabara, na usiipande juu ya tongo. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Mwenye nafasi akae, kwa sababu maswali hayo mawili ni ya zamani sana katika nchi hii, na watu waliokosea majibu yake walilipa.

Wazee waliopita njia hii na misafara hawakuhesabu kilomita. Walihesabu kambi. Njia kubwa ilitoka pwani hadi Tabora, ikashuka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda milima upande wetu, ikafika Kabambare, halafu Kasongo, halafu Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Kila siku msafara ulitembea saa chache za asubuhi, jua likipanda ukatua mizigo. Mahali ulipotua ndipo kambi, na mtu akiulizwa umbali alijibu kwa idadi ya kambi.

Hata mikataba iliandikwa hivyo. Mwaka 1876 Stanley alimkuta Hamed bin Muhammed, huyo ambaye watu wote wanamwita Tippu Tip, katika nchi hii ya karibu na Kasongo. Stanley alitaka kufuata mto kuelekea kaskazini na alihitaji watu wenye bunduki. Walipatana kwamba Tippu Tip amsindikize kambi 60, kila kambi mwendo wa saa nne, kwa dola 5,000. Waliingia msituni Novemba, mvua ikinyesha, miti imefunga njia, watu wanaugua. Kambi 60 hazikutimia. Desemba mwaka huo huo Tippu Tip aligeuza, Stanley akaendelea kwa mitumbwi. Mimi husema Tippu Tip, aliyekuwa mtu wa hesabu kuliko watu wote wa zama zake, safari hiyo alikosea kitu kimoja tu, nacho ni mwezi wa kuanza.

Maana kuchagua mahali pa kutua halikuwa jambo la kujipendea. Panatakiwa maji, panatakiwa kuni, panatakiwa watu wa kuwauzia mihogo na mchele, na zaidi ya yote panatakiwa mwenye nchi aliyekubali. Msafara wa watu mia tano ukilala mahali bila ruhusa, asubuhi mashamba ya mahindi yamekwisha, na vita vimeanza. Vijiji vingi vya Maniema vilichomwa kwa ugomvi wa namna hiyo.

Juu ya majira, shahidi mzuri ni David Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mskoti. Alifika Kabambare, ambako yeye aliandika Bambarre, mwezi Septemba 1869. Akajaribu kwenda mbele kuutafuta mto mkubwa, mvua ikamshika. Miezi ya kwanza ya mwaka 1870, tangu Februari hadi Juni, aliipitisha Mamohela, kambi ya wafanyabiashara, akingoja masika yaishe. Kiangazi kilipofika akatoka tena, lakini miguu yake ikafanya vidonda vilivyokula nyama. Akarudi Kabambare mwezi Julai 1870 na kukaa pale hadi Februari 1871, hawezi kutembea. Ukihesabu vizuri, mtu huyu alikaa katika nchi yetu mwaka mmoja na nusu kabla hajaiona Lualaba pale Nyangwe, mwishoni mwa Machi 1871. Mtu aliyekuwa amepita nusu ya Afrika kwa miguu, matope ya Maniema yalimsimamisha.

Wachukuzi Wanyamwezi walijua jambo hili bila kuandika. Wengi wao walifanya kazi ya mizigo wakati wa jua, na mvua zilipokaribia walitaka kuwa kwao wakilima. Tajiri aliyechelewesha msafara wake aliachwa na pembe zake chini ya mti.

Leo hatubebi pembe, lakini udongo ni ule ule. Barabara ya Kasongo kwenda Kabambare ni zaidi ya kilomita 100. Kiangazi mmotari mzuri aliyeondoka alfajiri huifanya kwa siku moja, mgongo ukiuma lakini amefika. Mwezi wa Machi ni hadithi nyingine. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilitoka mwezi huo kwa sababu ya msiba, nikidhani nitajikaza. Siku ya kwanza tuliisukuma pikipiki kuliko ilivyotubeba. Siku ya pili tulifika kwenye kijito ambacho daraja lake la miti lilikuwa limeondoka na maji, vijana wakaibeba pikipiki juu ya mti kama wanavyobeba mgonjwa, na malipo yao yalizidi nauli yote. Siku ya tatu nilifika nikakuta matanga yamekwisha. Kwa hiyo nikisema Juni, Julai, Agosti, sisomi katika kitabu tu.

Lakini turudi Kasongo yenyewe, kwa sababu mgeni akifika mjini leo anadhani amefika mahali alipokaa Tippu Tip. Hajafika.

Hamed bin Muhammed, mzaliwa wa Zanzibar, alijiweka Kasongo karibu na mwaka 1875. Mji ulikua upesi. Wageni walioingia baadaye waliona mashamba ya mpunga na miwa, michungwa, mipera na mananasi, nyumba kubwa za udongo zenye baraza, ghala zimejaa. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyeingia pamoja na jeshi la Wabelgiji, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1897, na ndani yake anashangaa vitanda vyenye magodoro na vyombo vya kioo alivyovikuta katikati ya Afrika. Mchele tunaojivunia Maniema hadi leo ulienea kwa njia hiyo. Uislamu ulienea kwa njia hiyo. Na hii lugha ninayoiandika, ambayo watu wa zamani waliiita Kingwana, ilipita njia hiyo hiyo, kutoka kwa waungwana wa msafara.

Na nani aliyabeba magodoro yale? Hapo wazee wetu hawana sauti moja. Zipo familia Kasongo zinazohesabu babu zao kati ya waungwana, zenye kofia na tasbihi za wakati ule. Zipo familia zinazojua kwamba bibi yao aliletwa na kamba shingoni, akalima mpunga ule wa wageni kusifu. Mara nyingi ni familia moja, upande wa baba na upande wa mama. Mgeni anayekuja kuuliza historia ajue hilo kabla hajafungua mdomo barazani. Swali la «ninyi mlikuwa watumwa au mabwana?» nimelisikia likiulizwa mbele ya chai, na chai ikabaki kwenye vikombe.

Nyangwe ilikuwa soko kuliko Kasongo. Siku za soko wanawake walikuja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya Lualaba, na samaki, vyungu, mafuta ya mawese, chumvi, kuku. Livingstone alipenda kukaa pale akitazama tu. Na aliona desturi moja: sokoni mtu haingii na bunduki. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakukuwa na askari wa kuisimamia. Ilijulikana tu kwamba ukifika, silaha inabaki nje, hata kama vijiji vyenu vinapigana.

Tarehe 15 Julai 1871 watu waliingia na bunduki. Livingstone aliwaona, akastaajabu, akataka kuwakemea, akaona ajiendee zake. Hakuwa amefika mbali risasi zilipoanza. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, ikapinduka, na wengi waliobaki hai kwa risasi walikufa kwa maji. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alirudi Ujiji moyo umevunjika, na barua zake juu ya siku hiyo zilisomwa Uingereza na kusaidia kusukuma serikali yake imlazimishe Sultani wa Zanzibar kufunga masoko ya watumwa mwaka 1873.

Angalieni tena mwezi ule: Julai. Katikati ya kiangazi, njia kavu, mto umeshuka, soko limejaa kuliko wakati wote. Majira yanayomfaa mgeni mwema yanamfaa pia mwenye nia mbaya. Ndugu zetu waliokimbia vijiji vya Kabambare hawahitaji mimi niwaeleze hilo. Wengi wao walikimbia barabara ikiwa kavu. Ndiyo maana, juu ya shauri la mwezi, ninaongeza shauri la habari: usiondoke kwa sababu jua linawaka tu. Piga simu mbele, kijiji hadi kijiji, kama wale wa msafara walivyotuma mtu kwanza. Na ukifika sokoni popote pale ukaona bunduki kati ya mihogo, fanya alivyofanya yule mzee, jiendee zako.

Mji wa Tippu Tip haukudumu. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Mwaka 1890 akaondoka kurudi pwani, akamwachia Kasongo mwanawe Sefu. Miaka miwili baadaye vita vikaanza kati ya watu wa Sefu na jeshi la Leopold. Wabelgiji wawili waliokuwa Kasongo, Lippens na De Bruyne, waliuawa Desemba 1892. Wana mnara wao hadi leo huko Blankenberge, kando ya bahari ya Ubelgiji, na watalii wanauona wakienda kuoga. Nyangwe ilianguka Machi 1893. Tarehe 22 Aprili 1893 kamanda Dhanis akaingia Kasongo. Sefu akafa mwaka huo huo katika mapigano yaliyoendelea upande wa mashariki. Januari 1894 ikawa zamu ya Kabambare.

Hapo ndipo Kasongo ilipoanza kuhama. Watu walitawanyika, na utawala mpya ukaja kuweka kituo chake mahali pengine, ambapo mji umekaa leo. Kule kulikokuwa na baraza na michungwa kukabaki jina: Tongoni. Tongo, kwa Kiswahili cha wazee, ni mahali palipokuwa na watu wakahama. Nyumba zimeanguka, miembe inaendelea kuzaa. Pwani ya Tanzania, kusini ya Tanga, kuna Tongoni nyingine yenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Si undugu wa miji, ni neno moja kwa jambo moja.

Nilimsindikiza Tongoni mzee mmoja mhamishwa, mtu wa Kabambare. Nilidhani atauliza habari za Waarabu. Alitembea polepole, akaokota kigae cha chungu, akakigeuza, akakirudisha pale pale kilipokuwa. Halafu akauliza, «Inachukua miaka mingapi mpaka watu waanze kuita tongo?» Nikajua hazungumzi juu ya Tippu Tip. Kijiji chake kilikuwa na miaka mitatu bila moshi.

Watafiti wa akiolojia walikuja kuchimba Tongoni katika miaka ya 2010, wakaandika pia masimulizi ya wazee. Kazi yao inategemea kitu kimoja: kwamba udongo haujavurugwa. Kigae kikiwa pale kilipoanguka kinasema nyumba ilikuwa wapi, jiko lilikuwa wapi. Kikisogezwa na gurudumu, au kikiwekwa mfukoni kama ukumbusho, kinakuwa kipande cha chungu tu. Kwa hiyo ninaposema usiipande pikipiki juu ya tongo, si adabu ya makaburi peke yake, ingawa makaburi yapo, na mengine hayana alama. Na usidhani mahali pale hapana mwenyewe kwa kuwa hapana nyumba kubwa. Watu wanalima. Fika kwa kapita kwanza, mwamkie, sema umetoka wapi na ni mtoto wa nani. Atakupa mtu wa kukuonyesha, na pikipiki yako itakaa kwake. Mpe yule mtu chochote kitu cha sabuni. Mkipatana bei kabla, mtaagana mkicheka.

Mjini hapa mambo ni mepesi zaidi. Ukija kwa ndugu, lupango ya ndugu inatosha. Ukiwa huna ndugu, wenye parokia na wenye msikiti hawamfukuzi mtu aliyeomba kwa heshima kuweka chombo chake ndani ya ua. Ila Ijumaa mchana usiombe msikitini na Jumapili asubuhi usiombe kanisani: siku hizo uwanja si wa magari, na wewe mwenyewe utataka kuwa ndani. Karibu na soko wapo vijana wanaolinda pikipiki kwa malipo madogo. Ni kazi halali, na wengi wao ni watoto wa wahamishwa. Mlipe, usimwambie utarudi. Wenye baiskeli za mizigo wanaotoka vijijini na mawese hufika usiku wa kuamkia siku ya soko, wakalala karibu na mzigo. Usiwapigie honi alfajiri. Wao ndio msafara uliobaki.

Wanaotoka Kindu au Kongolo mara nyingi huuliza kwa nini reli haifiki Kasongo. Reli ya kampuni iliyoitwa CFL, iliyounganisha Kindu na Kongolo karibu na mwaka 1911, ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, ikituacha sisi ukingo wa mashariki. Kwa hiyo mwenye kushuka Samba lazima avuke mto. Hapo tena swali ni lile lile, mzigo nitautua wapi. Fika kivukoni mchana. Jua likikaribia kuzama mwenye mtumbwi anaweza kukataa, na ana haki. Kulala ukingoni na mbu si dhambi kuliko kuvuka gizani na watoto.

Sasa neno kwa wanaokwenda Kabambare kuona nyumba. Wengi wenu hamkukaa katika kambi. Mlipokelewa na familia, chumba kimoja, jiko moja, na hao waliowapokea nao wana njaa zao. Najua ndiyo maana mnataka kwenda kuona kama shamba linaweza kupandwa kabla ya mvua za Septemba. Basi usiende familia nzima. Aende mtu mmoja au wawili, watoto wabaki. Shuleni wanarudi Septemba, na safari ya Agosti ikinaswa njiani mtoto amekosa mwanzo wa mwaka. Chukua kitambulisho, na pesa ya vizuizi iwe mfuko tofauti na pesa ya chakula. Pikipiki iache kijiji cha kabla, kwa mtu unayemjua, uingie kwako kwa miguu. Mlio wa injini unatangaza mgeni mbali sana, na hujui nani anasikiliza. Ukifika, usilale katika nyumba yako usiku wa kwanza hata kama ina mlango. Lala kwa jirani aliyebaki, kama yupo.

Na kama ukikuta bati halipo, angalia miembe. Piga picha kwa simu, na nguzo zilizobaki, na mawe ya jiko. Siku ya kugawanya viwanja upya picha ile itakusaidia mbele ya shefu, kwa maana nyasi zikipanda kila mtu hukumbuka mpaka kwa namna yake.

Mama yule wa Salamabila ataondoka wiki ya pili ya Julai pamoja na kaka yake. Nimewaunganisha na mmotari anayeijua njia, tumekubaliana pikipiki itabaki kijiji cha kabla. Wakirudi nitaandika hapa hali ya madaraja, moja moja, ili wengine mjue mnaanza lini.